Mwaka Niliomfuata Ngalula Nyumbani

Sogea karibu kidogo, wewe unayesoma. Jambo hili nataka nilieleze polepole, kama nilivyozoea kuwaeleza akina mama kwenye benchi ya hospitali, nikirudia pale uso wa mtu unaponionyesha kwamba sikueleweka. Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu kutoka Mbuji-Mayi nikaambiwa kwamba Mama Kapinga amefariki. Aliyenipigia ni binti yake Ngalula, ambaye sasa ana watoto wakubwa kuliko nilivyokuwa mimi nilipomfahamu. Alinieleza habari za msiba kwa utaratibu: mama aliugua siku chache, hakuteseka sana, amezikwa karibu na mumewe. Nilimpa pole, nikauliza yanayoulizwa. Lakini nakiri kwamba wakati wote huo sikio langu lilikuwa kwenye pumzi yake. Ilikuwa inaingia na kutoka bila mluzi. Nilipoweka simu chini nilibaki nimekaa jikoni, chai yangu ikapoa, na moyo wangu ukarudi Kolwezi, kwenye chumba kimoja cha mtaa wa Manika ambacho sijakanyaga tena kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nchi ilikuwa imepewa jina la Zaïre miaka michache tu kabla, na bado watu walikuwa wakijikwaa katika majina yao mapya. Nilikuwa msaidizi katika wodi ya watoto. Sikuwa muuguzi, nilikuwa mtu wa kubadilisha mashuka, kushika mikono ya watoto wakati wa sindano, na kumwaga mabeseni. Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, na kila asubuhi akina mama waliolala chini pembeni mwa watoto wao walikunja mikeka, wakatoka uani kuwasha moto. Kufikia saa sita chumba kilinuka mambo mawili kwa pamoja, dawa ya kusafishia sakafu na bukari, ule ugali wetu wa unga wa mahindi na muhogo. Kwenye pembe ya mwisho, karibu na chupa ndefu ya oksijeni, ndipo walipolazwa watoto wa pumu. Kolwezi tuliuita ugonjwa huo asma. Kama hujauona, nitakueleza kwa urahisi. Chukua bua jembamba, uliweke mdomoni, uzibe pua, kisha ujaribu kupumua kwa hilo bua peke yake huku umepanda kilima. Hewa ipo tele duniani, lakini njia ya kuipitisha imekuwa nyembamba. Mtoto wa pumu anapumua hivyo, na macho yake yanakutazama kama wewe ndiye uliyelishika lile bua.

Mkuu wa wodi alikuwa Mama Tshibola, mwanamke mfupi aliyetembea bila kutoa sauti, na ambaye hakupenda kusema jambo mara mbili. Yeye ndiye aliyegundua kwamba watoto wa pembe ile walikuwa wale wale. Wanaingia wakiwa wamekauka midomo, wanadungwa sindano, wanapewa oksijeni, siku ya nne wanacheka, siku ya tano wanarudi nyumbani, na baada ya wiki tatu wako kwenye kitanda kile kile. Wengi walitoka mitaa ya watu wasiokuwa na kazi kwenye migodi, ambao hawakuwa na nyumba ya kampuni wala daktari wa kampuni. Siku moja, mwanzoni mwa majira ya baridi, aliniita karibu na kabati la dawa. "Tunabatengeneza hapa, banaenda kuharibika kule," alisema. "Kule kuko nini? Weye uko na miguu. Enda uangalie." Akaniwekea masharti: ziara ya kwanza nisifundishe kitu, nikipewa chakula nile, nitazame mahali mtoto anapoweka kichwa chake. Ndivyo kazi yangu ya mwaka ule ilivyoanza. Nilipewa watoto sita. Watano kati yao nawakumbuka kwa upendo, lakini hadithi hii ni ya Ngalula.

Ngalula alikuwa na miaka saba, meno ya mbele yameng'oka, na ulimi mkali kuliko umri wake. Alikuwa amelazwa mara tatu tangu Pasaka. Kwa kuwa kila nilipopita kitandani kwake nilimwambia "pumua, pumua," alinibatiza Mama Pumua, na jina hilo lilinitangulia hadi mtaani kwao. Siku ya kwanza nilipofika Manika, vumbi jekundu limenifika magotini, nilimkuta ameketi kizingitini akiwatangazia wenzake: "Mama Pumua amekuya. Fungeni midomo, atahesabu pumuzi zenu." Mama yake, Mama Kapinga, alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kilichoanzia mabegani. Alinisalimu kwa Kiluba cha Kasai, akaniona nimeshindwa kujibu, akauliza jina langu. Nilipomwambia Zaituni, alisema aha, mtoto wa Kasongo, watu wa biashara. Basi leo tufiche chumvi, la sivyo atatuuzia chumvi yetu wenyewe. Alinipa kigoda, na kabla sijapoa alikuwa ameshaniwekea mbele yangu bukari, matamba, yale majani ya muhogo, yaliyopikwa na karanga, na kipande cha samaki mkavu. Kwa kuwa jina langu lilimwonyesha kwamba mimi ni Mwislamu, alihakikisha nimesikia kwamba hakuna nyama ndani, akisema nile bila kuogopa maana hata Mungu wangu amekwisha kuonja.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha wazazi. Cha pili ndicho kilichokuwa sebule, stoo, na mahali pa kulala Ngalula na wadogo zake wawili. Ndani yake kulikuwa na meza, redio iliyofunikwa kitambaa, kitanda cha mbao, na kati ya kitanda na dirisha, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa changu, magunia ya makala, yale makaa ya kupikia. Baba yake Ngalula, Tata Kalala, aliuza makala. Yalikuja kwa treni kutoka Mutshatsha, ambako mama yake mzazi alibaki tangu mumewe alipofanya kazi ya reli, na Tata aliyapokea stesheni na kuyasukuma hadi nyumbani kwa baiskeli, magunia mawili kwa safari. Alikuwa mtu nadhifu. Kila asubuhi alifagia mwenyewe unga mweusi uliodondoka chini, akaukusanya kwenye karatasi, akautupa nje, na alifanya hivyo kwa umakini wa mtu anayempenda aliyelala kitandani. Ngalula alikuwa bado amelala hapo wakati ufagio ukipita. Nilikumbuka sharti la Mama Tshibola, nikanyamaza, nikala.

Ziara ya pili nilisema. Nilimweleza Tata Kalala, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba unga ule huingia kifuani mwa mtoto na kuziba njia ambayo tayari ni nyembamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinishika mkono kidogo tu, akanipeleka nje hadi dirishani, akanionyesha ubao wake uliopasuka. "Mamzele, unaona hapa? Baridi ya mwezi wa sita inapita hapa," alisema. "Hii makala iko ukuta. Mi nilimujengea ukuta." Ningefanyaje? Wewe msomaji labda unamcheka, lakini nenda ukalale Kolwezi mwezi wa Juni, upepo unapokata masikio na maji ya ndoo yanauma vidole, ndipo utajua kwamba baba yule alikuwa amempa mwanawe kitu cha joto kuliko vyote alivyokuwa navyo. Niliondoka nikiwa nimeshindwa, na sikuwa na hasira. Miezi minne nilirudia maneno yale yale, na miezi minne alinijibu kwa heshima ile ile, na magunia yakabaki.

Kwa Mama Kapinga nilipata zaidi. Kifaa cha moto, ile mbabula ya bati ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, aliacha kuiingiza ndani jioni. Alipikia nje na kukaa nje hadi moto ulipokufa. Vidonge pia. Nilivikuta siku moja ndani ya kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa, vyote, hakuna hata kimoja kilichomezwa tangu atoke hospitali. Hakuwa mzembe. Alikuwa anavitunza kwa siku ya ugonjwa. Nilikuja kujua kwamba karibu nyumba zote sita zilifanya hivyo, kwa sababu nani anampa dawa mtoto anayeruka kamba? Ilinibidi nikae naye kwenye mkeka nikamweleza kwamba dawa hii haifukuzi ugonjwa uliokwisha kuingia. Inashikilia mlango usijifunge. Alifikiri, akauliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye. Tangu siku ile alimpa Ngalula kidonge asubuhi na jioni, na ili asisahau alikifungamanisha na kusuka nywele zake asubuhi na kuosha miguu yake jioni. Ngalula alinilalamikia kwamba kwa sababu yangu sasa anaoshwa miguu hata siku ambayo haikuchafuka.

Ninachokitamani zaidi, nikikaa hapa na nywele zangu nyeupe, ni Jumanne za mwaka ule. Jumanne ilikuwa zamu ya Manika. Nilifika saa za alasiri, nikakaa kwenye kigoda kile kile, na majirani walikuja mmoja mmoja, mwenye maharage ya kuchambua na maharage, mwenye mtoto wa kunyonyesha na mtoto. Waliongea Kiluba, wakahamia Kiswahili waliponikumbuka, wakarudia Kiluba yalipofika mambo ya waume. Nilisikia nani amepelekwa kazi ya mgodini, Kingamyambo, na nani amerudi kutoka Kasai na mke asiyetarajiwa. Na mara nyingine, wakidhani Kiluba changu bado ni kile cha siku ya kwanza, nilisikia wanasema juu ya Ngalula. Kwamba mtoto mwenye akili namna hii hawezi kuugua hivi hivi. Kwamba kuna mtu. Walisema hivyo tu, kuna mtu, bila kutaja uchawi, na wakaendelea kuchambua maharage. Lakini niliona vidole vya Mama Kapinga vikisimama.

Mwezi wa nane Ngalula alilazwa tena, upepo ukiwa mkavu na anga imekuwa ya rangi ya udongo. Safari hii alikaa wiki nzima, lakini alitoka na nguvu ambazo sikuwahi kuziona kwake. Zaidi ya hayo, shule zilikuwa zinafunguliwa. Mwaka uliotangulia hakuandikishwa kwa sababu alikuwa kitandani. Safari hii mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikubali kumpokea darasa la kwanza, mradi awe nyumbani na awe anapumua. Mama Tshibola alisema atatoka Jumatatu. Niliomba ruhusa nimsindikize. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa miezi minne kati ya watu wale, nikajua desturi yao na nikaipenda, Jumapili nilipita sokoni nikanunua kopo la poda.

Pengine kwenu hamfanyi hivyo, basi nieleze. Mama akijifungua salama, kijana akifaulu mtihani, mtu akitoka hospitali kwa miguu yake, watu wale humwagia poda, ile nyeupe ya kunukia wanayopakwa watoto wachanga. Humwagia shingoni, kifuani, kichwani, hadi awe mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga, ili kila atakayekutana naye njiani ajue kwamba huyu ameletewa furaha. Sikuwa Mluba, lakini nilitaka mwaka ule niwe mmoja wao, na nilitaka poda ya Ngalula itoke mkononi mwangu. Jumatatu, tulipofika Manika, nilimpa Mama Kapinga kopo mlangoni. Alilitazama, akanikumbatia, akalifungua kwa ncha ya kisu. Majirani walikuwa wamejaa ndani. Kwa sababu ya upepo mtu mmoja alikuwa amefunga dirisha na mlango. Mama alimwaga wa kwanza, mimi wa pili, kisha mikono ikawa mingi, na nyimbo, na makofi, na Ngalula katikati akizunguka kama malkia, akinyoosha shingo apate zaidi, akinicheka kwa sababu na mimi nilikuwa nimepakwa. Poda ilining'inia hewani kama ukungu wa alfajiri. Nikaona kicheko chake kinakuwa kikohozi. Wengine bado walikuwa wanaimba. Mimi niliusikia mluzi.

Tata Kalala alimweka juu ya baiskeli ya makala, akaisukuma akikimbia, mimi nikimshikilia mtoto mgongo asianguke. Midomo ya Ngalula ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hakuweza kulia, maana kilio kinataka hewa. Sitakueleza saa ile zaidi ya hapo. Mama Tshibola na daktari walifanya walichojua, sindano ikaingia polepole mshipani, oksijeni ikafunguliwa, na kufikia alasiri kifua kile kidogo kilianza kushuka na kupanda kama kifua cha mtu. Niliketi kwenye korido nikiwa bado nina poda kwenye nyusi. Hapo ndipo nilipomsikia Tata Kalala akisema na mkewe upande wa pili wa mlango wa wavu. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto ameanguka siku ya furaha, mbele ya watu, ndani ya nyumba yake. Dalili gani nyingine wanaingoja? Kuna mtu hapendi Ngalula asome. Hospitali haina dawa ya mtu. Ijumaa wakiruhusiwa, Jumamosi asubuhi atampandisha treni hadi kwa bibi yake Mutshatsha, na huko hakuna atakayemjua. Mama Kapinga aliuliza jambo moja tu, na shule je.

Bibi yake Ngalula aliishi kati ya watu wanaochoma makala. Tata mwenyewe alikuwa amenisimulia, kwa fahari, jinsi moshi wa matanuru unavyolala juu ya nyumba zao asubuhi hadi jua liupasue. Na kutoka pale hadi kitanda chenye chupa ya oksijeni ilikuwa ni safari ya treni, siku ambazo treni ilikuja. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtoto yule akipanda hatafika msimu wa mvua.

Jioni hiyo, kabla zamu haijabadilika, Mama Tshibola aliniita kitandani kwa Ngalula. Alikuwa anamfuta shingo kwa kitambaa chenye maji. Alinionyesha kitambaa: mikunjo yake imejaa weupe. Aliuliza ni nani aliyeleta hii. Nilisema ni mimi. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, taratibu, akakiweka kwenye beseni. "Ukibaambia, batafunga mulango, na ile mingine mitano labda itafunga," alisema. "Usipobaambia, mutoto anapanda treni." Akaenda kuandika ripoti yake. Hakuniambia nifanye nini. Nilimchukia kwa hilo siku nne nzima, na baadaye katika maisha yangu nimewafanyia hivyo hivyo vijana wengi.

Siku nne hizo nilitafuta njia ya kusema bila kusema. Nilifikiri nimweleze Tata Kalala kuhusu vumbi kwa jumla. Nilifikiri nimwombe daktari akataze safari. Nilifikiri pia, sitakuficha, kwamba hakuna aliyenishuku, kwamba kopo lilikuwa tupu na limetupwa, na kwamba msichana wa miaka kumi na tisa anaweza kuacha jambo lipite. Ijumaa walimrudisha nyumbani. Ijumaa hiyo hiyo, jua likiwa limeinama, nilipanda kwenda Manika ingawa haikuwa Jumanne.

Kifurushi kilikuwa kimefungwa tayari, kitenge cha maua ya kijani, kimewekwa juu ya meza kando ya redio. Mama Kapinga alikuwa nje anakaanga karanga za safari, hakucheka aliponiona. Ngalula alikuwa kitandani, ameegemea magunia, anajifunza kuandika herufi hewani kwa kidole. Tata Kalala alinipa kiti badala ya kigoda, nikaelewa kwamba nimekuwa mgeni. Nilikataa kukaa. Nilisema nimekuja kusema jambo, na mama naye asikie. Aliingia na kijiko mkononi.

"Tata, mimi ndiye nilileta poda," nilisema. "Nilinunua Jumapili. Ile poda ndiyo iliingia mu kifua ya Ngalula ikamufunga. Haikuwa kitu ingine. Mi nafanya kazi mu lupitalo, ilifaa nijue, na sikufikiri. Ni mimi."

Wakati mtu anangoja kufukuzwa huona vitu vidogo. Niliona karanga moja imebaki kwenye kijiko. Mama Kapinga ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini, kwamba kopo alilifungua yeye. Tata Kalala alimnyamazisha kwa mkono. Kisha akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kama anavyopapasa gunia kabla ya kulipokea, kuona kama kuna mawe ndani. Poda inaweza kufunga kifua? Inaweza, nilisema, kifua kama chake. Mbona wadogo zake hawakuanguka? Kwa sababu njia zao ni pana. Mbona yeye Ngalula alishawahi kupakwa, akiwa mtoto mchanga? Nikasema sijui, labda kidogo, labda mlango ulikuwa wazi. Aliponiona nimesema sijui, nadhani ndipo alipoanza kuniamini.

"Kama haingekuwa ile poda," aliuliza, "hangeanguka?"

"Siku ile, hapana, Tata."

"Basi haiko mutu."

"Haiko mutu."

Alikaa kwenye kile kiti alichonipa mimi. Alikuwa amebeba jambo lile siku nne, akipita mbele ya kila jirani akijiuliza kama ni huyu, na sasa nilimwona analiweka chini. Ngalula alikuwa ameacha kuandika, anatutazama wote watatu. Baba yake alinyanyuka, akaenda karibu na kitanda, akapitisha kidole juu ya gunia la juu kabisa. Akakitazama kidole. "Na hii nyeusi?" alisema. Alimtoa Ngalula nje, akamkalisha mbali, upande ambao upepo ulikuwa unatokea. Akarudi, akainama, akabeba gunia la kwanza. Mimi na Mama Kapinga tulishika la pili, kila mmoja ncha moja. Katikati ya uwanja mama alisimama, uso umejaa weusi na machozi yamechora njia, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kile kicheko. "Miezi ine ulisema muzuri, hakuna aliyekusikia," aliniambia. "Leo umekuya kusema ubaya yako, basi tumesikia."

Usidhani kila kitu kilinyooka. Tata Kalala hata hivyo alimwita mchungaji kuiombea nyumba, na dada yake mmoja hakuwahi kunisalimu tena. Magunia yalikaa chini ya kibanda cha mabati ambacho mvua ya kwanza ilikiingilia. Dirisha alilipigilia ubao mpya. Na Novemba Ngalula alibanwa tena, usisahau kwamba ugonjwa huu hauondoki kwa mtu kukiri kosa; lakini alibanwa nyumbani, akapewa dawa mapema, akakaa wima mikononi mwa mama yake hadi kifua kikafunguka, na asubuhi iliyofuata akaenda shule akiwa amechelewa, akamwambia mwalimu kwamba Mama Pumua ndiye amemruhusu. Watoto wawili kati ya sita walirudi wodini mwaka ule kabla haujaisha. Ngalula hakurudi.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Likasi kusomea uuguzi. Niliaga Jumanne, nikidhani ninaaga kwa miezi. Maisha yakanichukua. Kisha, miaka mingi baadaye, watu wa Kasai walilazimishwa kuondoka kwa sababu ya kabila lao, wakakaa stesheni ya Kolwezi na vitanda vyao na sufuria zao wakingoja treni, na mimi nilikuwa mbali, nikisikia habari kwa redio na kujiuliza ni nani anayewasha moto karibu na nani. Nilipata kujua tu baada ya muda mrefu kwamba akina Ngalula walifika Mbuji-Mayi. Sikupata kukaa tena kwenye kigoda kile. Nimekaa kwenye viti vingi vizuri tangu hapo, katika ofisi na mikutano, nikieleza pumu kwa mchoro wa rangi wa kifua, na mara nyingi katikati ya maelezo nimetamani mtu aniletee matamba na kunitania habari ya chumvi.

Kwenye simu, kabla hatujaagana, Ngalula aliniambia kwamba mama yake, katika uzee wake kule Mbuji-Mayi, alikuwa na tabia ambayo wajukuu waliicheka. Akisikia mtoto wa jirani ametoka hospitali, anavaa viatu. Anaingia, anasalimu, hasemi kwamba ana mafunzo yoyote. Anaomba aonyeshwe kitanda. Niliuliza ni nini alichokuwa anawaambia. Ngalula alisema hakuwa anawaambia kitu kwanza, alikuwa anauliza tu. Nami nimeshindwa kupata somo bora kuliko hilo, kwa hiyo nakuachia kama lilivyo.

Mtoto mwenye pumu akiruhusiwa kutoka hospitali, mfuate nyumbani siku hiyo hiyo. Ingia chumba anacholala, fungua dirisha, na mwulizane na wenyeji kila kitu kilichoingia humo tangu asubuhi. Uanze kutaja kile ulichokileta wewe.